Naenda kuwinda elki Idaho kwa mara ya kwanza: je, nichukue na kibali cha dubu?

#1 Msafiri_Boise (mleta uzi)

Habari wanajukwaa. Naishi Boise, Idaho, na huu ni mwaka wangu wa saba tangu nitoke kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Mwaka jana nilimaliza kozi ya usalama wa uwindaji, ambayo hapa ni lazima kwa kila aliyezaliwa kuanzia tarehe 1 Januari 1975, kisha nikamsindikiza jirani yangu Mmarekani kwenda kuwinda elki. Kazi yangu ilikuwa kubeba tu. Mwaka huu nimenunua kibali changu mwenyewe cha kuwinda elki kwa bunduki, msimu ambao katika kanda yetu hufunguliwa Oktoba. Jirani ananishauri niongeze kibali cha dubu mweusi, kwa sababu kwa mkazi hakifiki hata dola 20, na msimu wa dubu huanza mwishoni mwa Agosti na kuendelea hadi Oktoba. Anasema dubu ni wa nyongeza: ukimkuta njiani, umebahatika.

Kinachonitatiza ni hiki. Mwaka jana mwishoni mwa Agosti, tulipokwenda kukagua eneo, tuliona dubu watatu katika jioni moja kwenye mteremko ng'ambo ya bonde. Oktoba tulikaa mahali pale pale siku sita za mwanzo wa msimu, hatukuona hata mmoja, wala kinyesi kibichi. Walikwenda wapi? Na je, ni busara kwa mtu asiyewahi kumwinda dubu kuanza naye huku akili yake yote iko kwa elki?

#2 Baba_Neema

Mkuu, jibu ni fupi: walikuwa wamekwisha kulala. Oktoba kule juu theluji imeanza, na dubu hulala majira yote ya baridi. Nunua kibali kama unapenda kuichangia serikali.

#3 Mkazi_wa_Missoula

Baba Neema, naomba nikurekebishe kwa heshima. Huku Montana msimu wa dubu weusi huendelea hadi mwishoni mwa Novemba, na usingeachwa wazi muda wote huo kama wote wangekuwa wamelala. Wanaotangulia kuingia mapangoni ni majike wenye mimba, na madume wakubwa huwa wa mwisho, hasa pale chakula kinapokuwa bado kipo. Kwa hiyo katikati ya Oktoba wengi bado wanatembea.

Kilichobadilika ni chakula. Kabla ya kulala, dubu hula hadi saa 20 kwa siku, na anaweza kuingiza kalori 20,000 kwa siku moja. Dubu wa majira haya ni tumbo linalotembea. Ule mteremko wa Agosti ulikuwa na matunda madogo ya zambarau, hakelberi, na baridi kali ya usiku ikiyapiga hakuna tena cha kumweka pale. Atashuka kwenye vijito kutafuta matunda mengine yanayochelewa, au atapanda juu kabisa kwenye misonobari kufukua mbegu ambazo kuchakuro wamejiwekea akiba. Msafiri, mlikuwa mmekaa mezani baada ya sahani kuondolewa.

#4 Mzee_wa_Rungwa

Mimi niko Arusha na nimefanya kazi ya kufuatilia nyayo za nyati na simba kwa zaidi ya miaka 20, lakini dubu sijapata kumwona, kwa hiyo mnivumilie. Swali langu ni moja: upepo mliupima kwa kitu gani? Sisi hubeba kifuko kidogo cha kitambaa chenye majivu laini yaliyochekechwa, kikubwa kama kitunguu. Kila baada ya hatua kadhaa unakitikisa na kuangalia wingu lile la kijivu linaelekea wapi. Mara nyingi shavu lako linakuambia hakuna upepo, na majivu yanakuonyesha kuwa harufu yako imeshamfikia mnyama. Huyo dubu mnayemsema, pua yake ni kali kiasi gani?

#5 Mkazi_wa_Missoula

Mzee, shikamoo. Pua yake inatajwa kuwa miongoni mwa zilizo kali kuliko zote, na mbwa hamfikii.

#6 Msafiri_Boise (mleta uzi)

Mzee wa Rungwa, shikamoo. Hatukupima kwa kitu chochote. Tulikuwa tunafika juu ya mgongo wa mlima kabla ya jua kuchomoza, tunakaa hapo hadi saa tano asubuhi na kuangalia chini kwa darubini.

#7 Mzee_wa_Rungwa

Marahaba wanangu. Basi huenda jibu ni hilo. Milimani hewa ya alfajiri ni nzito kwa baridi, hivyo hutiririka kwenda bondeni kama maji. Ukikaa kileleni saa kumi na moja alfajiri, unammwagia kila aliye chini harufu ya sabuni yako. Jua likishapiga mteremko, hewa hugeuka na kupanda, na hapo ndipo kukaa juu kunafaa. Jioni hugeuka tena. Mlifanya hivyo siku sita, na mimi ningekuwa dubu ningeondoka siku ya kwanza.

#8 Kijana_wa_Likoni

Samahani wakuu, kabla hatujafika mbali: elki ni mnyama gani? Kuna anayeniambia ni kongoni, mwingine anasema ni pofu.

#9 Fundi_Salmoni

Si kongoni wala pofu. Ni wa jamii ya paa wa Ulaya na Asia, wale ambao pembe zao huanguka kila mwaka na kuota upya. Dume mkubwa hufikia kilo 320 hivi na jike kilo 230. Septemba madume hulia mlio mwembamba mrefu unaopanda kama filimbi, kisha unamalizikia kwa mikoromo, na ukiusikia mara ya kwanza gizani utadhani ni ndege.

#10 Kijana_wa_Likoni

Kilo 320? Pofu dume wa kwetu anamzidi mara mbili na hafanyi kelele zote hizo. Endeleeni.

#11 Mgeni_wa_Denver

Msafiri, mbona unataka kupoteza dola zako? Nilipokwenda kuwinda Idaho nilielezwa kuwa kibali cha elki kinaweza kutumika kwa dubu moja kwa moja ikiwa msimu wa dubu uko wazi.

#12 Fundi_Salmoni

Mgeni wa Denver, umeelezwa kweli, ila kweli hiyo ni yako peke yako. Idaho inamruhusu asiye mkazi kutumia kibali chake cha elki au cha paa mdogo wa jamii hiyo (deer) kwa dubu, puma au mbwamwitu, na akifanya hivyo kibali kimekwisha, elki hana tena. Mkazi kama Msafiri haingii katika ruhusa hiyo. Ni lazima awe na kibali cha dubu kinachojitegemea, na akimwua dubu kwa kibali cha elki amevunja sheria. Hapa Idaho mtu huhesabiwa mkazi baada ya kuishi miezi sita, kwa hiyo hata ndugu zetu waliofika mwaka jana wanaingia kwenye bei ya mkazi.

Jambo la pili ambalo jirani pengine hakulitaja: ukimwua dubu Idaho, ndani ya siku 10 unapeleka fuvu na ngozi kukaguliwa na Idara ya Samaki na Wanyamapori. Watang'oa jino dogo lililo nyuma ya chonge ili kupima umri. Mdomo mfungue kwa kipande cha kijiti dubu akiwa bado wa moto, kwa sababu akikakamaa utahangaika. Ushahidi wa jinsia nao ubaki umeshikamana na ngozi. Mimi mara ya kwanza niliukata kwa usafi wangu mwenyewe, nikasimama mbele ya afisa kama mwanafunzi aliyesahau daftari.

#13 Baba_Neema

Na asisahau fulana ya rangi ya chungwa. Bila hiyo faini inamsubiri.

#14 Mkazi_wa_Missoula

Hiyo ni sheria ya kwetu Montana, ambako mwindaji wa bunduki lazima avae rangi hiyo juu ya kiuno kwa kiasi cha inchi za mraba 400. Colorado ni 500. Idaho haimlazimishi mwindaji wa elki au dubu. Hata hivyo mimi ningevaa, kwa sababu wanyama hawa hawaioni rangi ya chungwa kama tunavyoiona sisi, lakini mwenye bunduki mwenzako anaiona.

#15 Dada_Furaha

Mimi ni mwanamke na nawinda, nalitaja mapema ili tusilipoteze muda baadaye. Naishi karibu na Lowman, ukipanda na Barabara ya 21 kutoka Boise. Nimepata dubu wawili na elki mmoja, na nina maoni tofauti na ya Mkazi wa Missoula kuhusu chakula. Mwaka mmoja matunda yalikuwepo hadi wiki ya kwanza ya Oktoba, mekundu na matamu, na dubu walitoweka hata hivyo. Walitoweka Jumamosi ambayo msimu wa bunduki ulifunguliwa. Barabara za msituni zilijaa magari, watu wakapiga kambi kila penye maji, na usiku huo huo nikawasikia dubu wakivunja matawi kwenye korongo ambalo mchana lilikuwa kimya kabisa. Naamini hawahami. Wanageuza mchana kuwa usiku.

Kwa hiyo, Msafiri, ushauri wangu ni kwamba usimfanye dubu kuwa wa nyongeza. Mtengee siku zake mwanzoni mwa Septemba, kabla ya makundi ya bunduki kuingia. Kaa upande mmoja wa bonde, jua likiwa mgongoni, na chunguza upande wa pili polepole kuanzia saa kumi jioni. Dubu anayekula matunda haonekani mzima. Utaona kichaka kinatikisika pasipo upepo, halafu doa jeusi, halafu hakuna kitu, halafu doa lile lile hatua tatu mbele.

#16 Msafiri_Boise (mleta uzi)

Asante sana dada. Swali la kitoto: nikimwona dubu wa rangi ya kahawia, si ndiye grizi, yule dubu wa aina nyingine asiyeruhusiwa kuuawa?

#17 Mkazi_wa_Missoula

Si la kitoto hata kidogo. Linawagharimu watu wazima. Jina "dubu mweusi" linadanganya. Huku magharibi wako weusi, wa kahawia, wa rangi ya mdalasini na hata wenye manyoya ya dhahabu, na wote ni dubu weusi. Grizi amelindwa na sheria ya nchi tangu mwaka 1975 katika majimbo yaliyo kusini mwa Kanada. Usitazame rangi. Tazama nundu ya misuli juu ya mabega, uso uliobonyea kama bakuli kati ya macho na pua, masikio mafupi ya duara, na kucha ndefu za mbele zinazoonekana hata kwa mbali. Dubu mweusi hana nundu, uso wake umenyooka, masikio ni marefu zaidi, na kucha zake ni fupi na zimepinda. Alama moja peke yake haitoshi. Montana haikuuzii leseni ya dubu hadi ufaulu mtihani wa kuwatofautisha. Idaho grizi wako kaskazini kabisa na upande wa mashariki karibu na hifadhi ya Yellowstone, mbali na unakokwenda, lakini soma somo hilo hata hivyo.

#18 Dada_Furaha

Niongeze: kabla hujagusa kifyatulio, mtazame dubu dakika 10 nzima. Jike mwenye watoto haruhusiwi kuuawa, na watoto huachwa nyuma kwenye nyasi ndefu au juu ya mti. Dakika tatu za kwanza utaapa yuko peke yake.

#19 Sheikh_wa_Malindi

Assalamu alaykum. Nafuatilia kwa shauku ingawa sijapata kuiona theluji. Nina dukuduku: huyo dubu anawindwa ili aliwe? Kwa madhehebu ya Shafi tunayoyafuata pwani, mnyama anayewinda kwa chonge haliwi, na dubu yumo.

#20 Fundi_Salmoni

Waalaykum salaam Sheikh. Wanaomla wapo wengi, na nyama yake ni nzuri akiwa ameshiba matunda. Kwa ndugu Waislamu wa Boise elki ndiye mkombozi, maana hula majani na hucheua. Rafiki yangu mmoja hutaja jina la Mwenyezi Mungu anapofyatua, na akimkuta bado ana uhai humchinja. Sheria ya Idaho inakulazimisha kuitoa porini nyama ya elki inayolika, lakini kwa dubu haikulazimishi. Colorado inakulazimisha. Mimi binafsi sioni sababu ya kumwua mnyama ambaye nyumbani kwangu hakuna atakayemla, na kama Msafiri hataki nyama basi asinunue kibali.

#21 Baba_Neema

Kuhusu nyama, nimesikia ina minyoo, ila ukiigandisha mwezi mzima minyoo yote inakufa. Hata nguruwe hufanyiwa hivyo.

#22 Muuguzi_Edmonton

Baba Neema, hili tafadhali lifute kabisa kichwani, kwa maana ndilo linalowalaza watu. Kugandisha huua minyoo ya trikinela wa nguruwe, lakini jamii zinazokaa ndani ya dubu wa kaskazini zimezoea baridi na hazifi. Mwaka 2022 familia moja ilikutana South Dakota na kula mishikaki ya dubu aliyewindwa Saskatchewan, hapa Kanada. Nyama ilikuwa imegandishwa siku 45. Walioshiriki mlo walikuwa wanane, na sita waliugua, wawili kati yao wakiwa wamekula mboga tu zilizopikwa pamoja na nyama ile. Nyama ya dubu ni nyeusi kwa asili, kwa hiyo jicho halikuambii kama imeiva.

Dawa ni moto. Ndani kabisa ya kipande ifike nyuzi 71 za selsiasi, yaani 160 za farenhaiti, na hilo linajulikana kwa kipimajoto cha nyama peke yake. Mchuzi wetu wa nyumbani unaochemka kwa muda wa saa tatu hauna tatizo. Mishikaki ndiyo inayonitia wasiwasi. Na kisu na ubao vioshwe kabla havijagusa kachumbari.

#23 Kijana_wa_Likoni

Nimeacha kula mishikaki kwa wiki hii, na aliyeuzwa pale kwetu ni ng'ombe.

#24 Mwindaji_Payette

Naona hakuna aliyegusa shabaha, na hapo ndipo mtu wa elki anapokosea kwa dubu. Kwa elki aliyesimama ubavu, unafuata mguu wa mbele na kulenga nyuma kidogo ya bega, theluthi moja ya kimo cha mwili kutoka chini. Ukimlenga dubu hivyo hivyo unaweza kupita chini ya moyo, kwa kuwa manyoya marefu na mafuta yananing'inia na kumfanya aonekane mnene zaidi kuliko alivyo. Subiri mguu wa mbele ulio upande wako usogee mbele, kisha lenga katikati ya kimo, nyuma tu ya bega. Bunduki ya .30-06 inawatosha wote wawili bila kubadilisha risasi.

Jambo lingine ni damu. Elki huacha mstari unaofuatika. Dubu ana mafuta yanayoziba tundu na manyoya yanayofyonza, hivyo unaweza kupata matone mawili kwenye jani kisha patupu, hata kama umempata sawasawa.

#25 Dada_Furaha

Hapo sikubaliani, Payette. Mimi hulenga bega lenyewe, nivunje mfupa, aanguke pale pale. Nyama ya bega nitapoteza kilo mbili tatu, lakini sitaingia kichakani jioni kumtafuta dubu aliyejeruhiwa.

#26 Mwindaji_Payette

Dada, kwa risasi nzito nakubali. Kwa anayeanza, bega ni shabaha ndogo kuliko mapafu, na akikosa mbele anapiga shingo au hewa.

#27 Mzee_wa_Rungwa

Mabishano haya haya tumeyafanya kwa nyati miaka yote na hayajaisha. Nitasema la kufuatilia tu. Ukishapiga, usisogee. Weka alama pale uliposimama wewe, funga kitambaa mtini, kisha uikariri sehemu aliyosimama yeye kwa jiwe au mti, kwa sababu ukivuka bonde kila kitu kitafanana. Mpe nusu saa. Damu ikikatika, usikanyage mbele; rudi kwenye tone la mwisho na utafute majani yaliyopinduka, upande wao wa chini una rangi nyingine.

#28 Msafiri_Boise (mleta uzi)

Naandika yote haya kwenye daftari. Je, nikiwapata wote wawili siku moja itakuwaje?

#29 Fundi_Salmoni

Itakuwa adhabu. Dume la elki likishatolewa mifupa hutoa nyama ya kilo 90 hadi 110, na mtu mwenye afya hubeba kilo 30 kwa safari moja kwenye ardhi ile. Hesabu mwenyewe safari zako, halafu uongeze dubu. Mimi niliwahi kufanya upuuzi huo. Nilipata dubu saa nne asubuhi siku ya joto ya Septemba, nikampiga picha, nikakaa kwenye gogo kupiga simu nikisaka mtandao wa kumweleza mke wangu, kisha nikasikia dume la elki likilia nikalifuata hadi saa nane. Niliporudi, nilipoingiza kisu kwenye kwapa la dubu harufu ilinijibu kabla sijaona kitu. Manyoya na mafuta yale ni blanketi, joto halitoki. Nilipoteza mguu mmoja wa nyuma na bega lote lililolalia ardhi. Ngozi itoke mara moja, nyama iingie kwenye mifuko ya kitambaa inayopitisha hewa, itundikwe kivulini, na mafuta yakatwe kwa sababu huchacha upesi hata ndani ya friza. Yale meupe ya ndani yayeyushe polepole kwa maji kidogo. Mke wangu huyakandia maandazi na hakuna mgeni aliyewahi kuuliza.

#30 Mkazi_wa_Missoula

Ukipata elki kwanza, sogeza nyama mbali na matumbo, hatua 100 au zaidi, mahali penye uwazi unapoweza kupaona kwa darubini kabla hujafika. Ukirudi kwa mzigo wa pili, tazama kwanza, piga kelele, na kopo la pilipili ya kupulizia liwe kifuani, lisiwe ndani ya shanta. Milio ya jike la elki unayopiga kwa kifaa cha mdomoni humwita dubu pia.

#31 Mwindaji_Payette

Na hapo kwenye matumbo ndipo dubu wa Oktoba wanapokuwa, Msafiri. Hilo ndilo jibu la swali lako la kwanza. Wawindaji mia wanaacha matumbo mia msituni, na dubu hahitaji tena kusimama mteremkoni mchana kweupe kuchuma tunda moja moja.

#32 Dada_Furaha

Lakini alisema siku sita za mwanzo, Payette. Matumbo yalikuwa bado hayajawepo.

#33 Mwindaji_Payette

Wapiga mishale wanaanza mwishoni mwa Agosti, dada. Yalikuwepo.

#34 Fundi_Salmoni

Tahadhari moja tu hapo: matumbo yabaki palepale mnyama alipoangukia. Ukiyaburuta hadi mahali panapokufaa wewe, umeweka chambo. Idaho inaruhusu chambo cha dubu katika maeneo kadhaa kwa kibali maalumu, umbali wa yadi 200 kutoka kwenye maji na njia, lakini viungo vya wanyama wanaowindwa haviruhusiwi kuwa chambo. Mgeni wa Denver, ninyi Colorado mlipiga kura mwaka 1992 mkaondoa chambo na mbwa pamoja na msimu wa machipuko, kwa hiyo usibebe mazoea ya jimbo moja hadi jingine.

#35 Msafiri_Boise (mleta uzi)

Wanajukwaa, narudi kwenu baada ya wiki saba na taarifa. Nilinunua kibali. Septemba nilikwenda siku nne kwa ajili ya dubu peke yake, nikafuata maneno ya Dada Furaha. Jioni ya pili nilimwona mmoja wa rangi ya mdalasini, mita 250 ng'ambo. Nilijilaza, nikaweka saa mbele yangu juu ya jiwe. Dakika ya saba majani yalifunguka na kitoto kikatoka, kisha cha pili kikamrukia cha kwanza mgongoni. Niliondoa risasi chemba na kuendelea kutazama hadi giza.

Oktoba nilipata jike la elki siku ya tatu. Nilibeba majivu, Mzee. Jirani alicheka siku ya kwanza na siku ya pili akaniomba kidogo. Nyama tuliitundika hatua zaidi ya 100 kutoka kwenye matumbo. Tuliporudi asubuhi kuchukua mzigo wa mwisho, nyama ilikuwa salama kabisa, lakini matumbo hayakuonekana. Yalikuwa yamefunikwa kwa udongo, nyasi na vijiti, kama kaburi dogo, na ubavu mmoja wa kilima kile ulikuwa umefukuliwa. Hatukukaa. Kibali changu cha dubu bado kiko mfukoni na msimu katika eneo letu unafungwa tarehe 31.

#36 Mwindaji_Payette

Si nilisema? Huyo ni dubu wako. Rudi jioni, kaa mbali, upepo usoni.

#37 Dada_Furaha

Mimi nasema ni puma. Puma hufunika chakula chake kwa unadhifu hivyo, na angekuwa dubu mweusi mwenye njaa ya Oktoba angekula yote na kulala juu yake.

#38 Mkazi_wa_Missoula

Dubu nao hufunika, na kufukua udongo kwa wingi ni tabia ya dubu zaidi kuliko ya paka. Kulikuwa na kinyesi?

#39 Mzee_wa_Rungwa

Acheni kinyesi. Mwanangu, kwenye ule udongo uliofukuliwa, mbele ya alama za vidole kulikuwa na vitundu vya kucha, au vidole vilikuwa vya mviringo vitupu? Paka huficha kucha zake anapotembea, ila anapokwangua udongo huzitoa, kwa hiyo usitazame pale alipokwangua. Tazama pale alipofikia na pale alipoondokea.

#40 Msafiri_Boise (mleta uzi)

Mzee, usiku ule kulianguka theluji nyepesi, na jua lilipotoka ikayeyuka. Kulikuwa na alama moja pembeni ya gogo, pana kama kiganja changu, imejaa maji.